Kitundu Kilichomwondolea Shangazi Lawama



Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 38 asubuhi ile kikombe kilipomponyoka mkononi. Mdomo ulipinda, maneno yakampotea, na upande wa kuume ukalegea. Hakuwa na presha wala sukari. Sisi tulikijua kiharusi kuwa ugonjwa wa wazee. Kwa hiyo, kabla ya jua kuchwa, jina la shangazi yetu mjane lilikuwa midomoni mwa watu. Mimi, katekista na mkufunzi wa walimu, nilinyamaza.

Baadaye tulimpeleka Kigali. Daktari wa moyo alimwekea kifuani kifaa cha ekografia, kinachochora moyo kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Muuguzi akamdunga katika mshipa wa mkono maji ya chumvi yaliyotikiswa pamoja na hewa kidogo mpaka yakajaa viputo vidogo mno. Mdogo wangu aliambiwa abane pumzi, ajikamue, kisha aachie. Viputo vikang'aa upande wa kuume wa moyo. Kwa kawaida huishia mapafuni. Lakini kabla moyo haujapiga mara tatu, vichache vilikwisha kuingia upande wa kushoto.

Daktari alitueleza kwamba mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu yake, hivyo damu hupitia kitundu kilicho kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Baada ya kuzaliwa, kitundu hujifunga. Kwa mtu mmoja hivi kati ya wanne hakijifungi kabisa, na wengi wao huishi bila dhara. Ila donge la damu, pengine kutoka mguuni, laweza kupenya hapo na kufika ubongoni. Sababu nyingine haikuonekana. Zipo dawa za kuzuia damu kuganda. Na kipo kizibo kinachopitishwa katika mshipa wa paja, ambacho tafiti za mwaka 2017 zilionyesha kuwa hupunguza hatari ya kiharusi kurudi kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hii.

Niliporudi, nilifika kwa shangazi kabla ya kufika kwangu. Nilipiga magoti, nikaungama ukimya wangu. Aliendelea kupeta maharagwe, kisha akauliza:

«Mtoto anatembea?»

«Anatembea, shangazi, kwa fimbo.»

«Basi keti, ule.»

Vijana, mdomo wa mtu ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakipotea, mkimbizeni hospitalini saa ileile. Na jina la jirani likianza kunong'onwa, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.