Watu Tisa Katika Vilima vya Lisbon

Mji wa Lisbon, ulio mji mkuu wa nchi ya Ureno, umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na mahali mto huo unapoingia baharini. Mtu mmoja mwenye miguu mizima aweza kuutembea apendavyo. Lakini sisi tulikuwa watu tisa: mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74 na maumivu ya goti, kaka yangu ambaye ni sajini wa polisi, shemeji, mke wangu, mimi, na watoto wanne. Tulitoka Entebbe kwenda kumwoza binti wa marehemu dada yetu, na harusi ilipokwisha tulibakiwa na siku tatu.

Siku ya kwanza tulikosea. Watoto waliitaka tramu ya namba 28, ile ya manjano inayoonekana katika picha nyingi za mji huo. Behewa lake ni dogo, la mtindo wa miaka ya 1930, nalo hupita katika vichochoro vya mtaa wa Alfama, ambamo abiria aliye dirishani hukaribia kugusa ukuta wa nyumba. Mstari wa wasafiri pale Martim Moniz ulikuwa mrefu kama wa siku ya mshahara. Zamu yetu ilipofika, mtoto wa kaka, mwenye miaka 11, alipanda mbele yetu. Nyuma yake wakajipenyeza wengine, mlango ukafungwa, tramu ikaondoka naye.

Shemeji alilia kwa sauti. Kaka alisema, "Nilimfundisha. Atashuka kituo cha kwanza na kusimama hapo hapo." Tulimwacha Mama na mke wangu pamoja na watoto, tukaifuata reli mbio. Tulimkuta kituoni amesimama wima kama mlinzi wa lango, machozi yamemkaukia mashavuni. Kaka hakusema neno. Alimshika mkono tu, naye hakuuachia mpaka jioni.

Usiku ule amri ilitolewa. Tuligawanyika vikosi viwili, kila kikosi na mkubwa mwenye simu, na mahali pa kukutana pakawa chini ya sanamu ya Mfalme José I juu ya farasi wake, katika uwanja wa Praça do Comércio. Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika huko na jamaa wengi, fahamu pia kwamba kila mtu lazima awe na kadi yake ya nauli. Kadi moja haipitishi watu wawili katika safari moja. Nasi tuligundua hayo mlangoni mwa treni ya chini ya ardhi, watu wakingoja nyuma yetu.

Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliuangamiza sehemu kubwa ya mji. Mtaa wa Baixa ulijengwa upya chini ya Marquês de Pombal, barabara zake zikanyooshwa kama mistari ya daftari, na kwa kuwa ni tambarare, Mama aliweza kuutembea. Kutoka huko kupanda upande wa ngome ya São Jorge ndiko tulikokuogopa. Kumbe ndani ya jengo moja la Rua dos Fanqueiros mna lifti ya umma isiyo na malipo, iliyofunguliwa mwaka 2013, nayo hukuinua sehemu nzuri ya mlima. Vigari vya kupanda vilima kwa kebo shemeji hakutaka hata kuvitazama, kwani mwezi Septemba 2025 kebo ya kile cha Glória iliachia, na watu 16 wakafa.

Siku ya mwisho ilikuwa ya Mama. Yeye ni mzaliwa wa Malindi, aliyeolewa bara, na utotoni alicheza karibu na Nguzo ya Vasco da Gama. Tramu ya namba 15 hufuata kando ya mto hadi Belém bila kupanda mlima wowote. Huko, ndani ya kanisa la Jerónimos, limo kaburi la Vasco da Gama, aliyefia Cochin, India, mwaka 1524. Sanamu yake ya jiwe imelala chali, viganja vimekutanishwa.

"Bibi, huyu ni nani?" aliuliza yule mtoto aliyepotea.

"Alifika kwetu mwaka 1498 akiomba wa kumwonyesha njia ya India, akapewa. Baada ya miaka saba wenzake wakaichoma Mombasa."

Nilimweleza Mama kwamba msalaba ulio juu ya nguzo ya Malindi ulichongwa kwa jiwe la Lisbon. Alipapasa ukuta kwa muda, akasema, "Basi tulikuwa nalo siku zote," kisha akasema goti linamuuma na anataka chai.

Hatua chache kutoka hapo lipo duka la vikeki vya mayai na maziwa, lililoanza mwaka 1837, lenye vyumba vingi vya kukalia. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, sote tisa tuliketi meza moja.