Leseni Mbili

Nimefundisha hisabati kwa leseni mara mbili, na mara zote mbili sikuwa na shahada ya ualimu. Kwanza ilikuwa kwetu Tanga, halafu Quakers Hill, magharibi mwa Sydney, ninakoishi hadi leo.

Mwaka 2006 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004, ulikuwa umeleta shule za kata kila upande wa nchi, na walimu hawakutosha. Tukachukuliwa vijana, tukapigwa msasa kwa mwezi mmoja, tukapewa leseni za kufundisha. Mitaani tuliitwa kwa kejeli Vodafasta, yaani walimu wa chapuchapu. Jina lile lilituchoma. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba pasipo sisi, watoto wengi wa kata zile wangekaa siku nzima bila mtu wa kuwaandikia ubaoni.

Tulijua hisabati na tuliwapenda wanafunzi. Tulichokosa ni mkubwa wa kazi. Shuleni kwetu walimu karibu wote tulikuwa rika moja, kila mmoja na vipindi tele, kwa hiyo hapakuwa na mzoefu wa kuingia darasani kwangu akanitazama nikifundisha. Baadaye nilikwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma shahada ya sayansi, hisabati, nikaamini kwamba chaki nimeiaga.

Quakers Hill nilikuja kwa ajili ya ndoa. Nilianza kwa kuhudumia wazee kwenye makao yao, kazi ya heshima iliyonilisha na kunilipia ada. Kisha nikajiunga na Chuo Kikuu cha Western Sydney kusomea uzamili wa ualimu, kozi ya miaka miwili kwa mwenye shahada ya fani nyingine. Nilikuwa napanda treni ya laini ya Richmond hadi Blacktown, nabadilisha, naendelea Kingswood, daftari mapajani. Ndani ya kozi hiyo kuna mtihani wa taifa wa kusoma, kuandika na kuhesabu, ambao kila mwanafunzi wa ualimu Australia lazima aufaulu. Kiwango chake ni kuwa sawa na asilimia 30 ya juu ya watu wazima nchini.

Kabla sijamaliza, NESA, mamlaka ya viwango vya elimu ya New South Wales, ilinipa usajili wa masharti: fundisha, lakini shahada uimalize. Nikaajiriwa katika shule ya sekondari ya jirani, nikakabidhiwa mwalimu mlezi.

Mama yule aliketi nyuma ya darasa na daftari lake. Hesabu zangu hakuzigusa. Aliandika ni watoto gani waliozungumza na gani walionyamaza, na sekunde nilizosubiri baada ya swali kabla ya kumtaja wa kujibu. Tulipokaa kupitia maandishi yake, nilielewa kwa nini binti fulani wa dawati la mwisho hakuwahi kuinua mkono: alihitaji muda mrefu kidogo kuliko wenzake. Nikampa. Akajibu. Niliwakumbuka wanafunzi wangu wa Tanga waliostahili mwalimu aliyeonyeshwa jambo hilo mapema.

Baadaye nilikusanya ushahidi wa kazi yangu kwa viwango 7 vyenye vipengele 37 ili nipandishwe kuwa mwalimu kamili. Ni makaratasi mengi, na kila karatasi lilinilazimisha kueleza kwa nini nilifanya nilichofanya.

Kufundisha bila shahada ya ualimu kuna mfano mwingine hapa Quakers Hill: pale Nirimba, kambi ya zamani ya jeshi la wanamaji iliyofungwa 1994, sasa kuna chuo cha ufundi cha TAFE. Huko fundi mwenye cheti cha ufundi wake na uzoefu wa kazini huongeza Cheti cha Nne cha ukufunzi, akafundisha vijana. Hana shahada ya ualimu, na sijasikia mtu akimbandika jina la kejeli. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ndugu yangu uliyeko Blacktown au Mount Druitt, shahada yako ya kemia au fizikia ikiwa kabatini: itoe. Omba kibali cha kufanya kazi na watoto, peleka vyeti vyako vikakaguliwe, ulizia chuo nafasi ya uzamili. Na siku shule itakapokuita kusaini mkataba, uliza kwanza nani atakuja kuketi nyuma ya darasa lako.