Kitale Hadi Bungoma: Hesabu ya Ndege na Hesabu ya Matatu

Tulikuwa likizoni Kitale wakati habari zilipotufikia kwamba mjomba wangu amezidiwa hospitalini huko Bungoma. Tuliondoka asubuhi hiyo hiyo. Matatu ilikuwa na abiria wanne tu, na makanga alikuwa hana haraka. Binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, akaniuliza: "Baba, si tungeenda kwa ndege?"

"Piga hesabu, mama," nikamjibu.

Alifungua kitabu chake cha ramani na kuweka rula. Kwa mstari ulionyooka, Kitale na Bungoma zimetengana kwa takriban kilomita 70. Ndege ndogo ya injini moja ikienda kilomita 210 kwa saa, hizo ni dakika 20, mbali na muda wa kupaa na kutua. Macho yalimng'aa.

Kumbe hesabu hiyo inamfaa ndege mwenye manyoya! Kitale ina kiwanja cha ndege, lakini hakuna ndege ya abiria iendayo Bungoma. Anayeshikilia kupaa lazima kwanza aende Nairobi, karibu kilomita 330. Kutoka huko apande nyingine hadi Kisumu, kama kilomita 270, kisha amalizie kwa gari zaidi ya kilomita 100. Yaani apite kilomita 600 angani ili asogee 70! Na hapo hatujahesabu saa za kungojea uwanjani.

Baada ya saa nzima, matatu ilijaa, tukang'oa nanga. Barabara ni kama kilomita 90. Tulipita Kiminini na mashamba yake ya mahindi, huku Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, ukitusindikiza upande wa kulia. Tukavuka Kamukuywa, tukapita Misikhu, tukaingia Webuye. Nilimwonyesha binti yangu kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009, nikamsimulia habari za Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Alisikiliza, lakini kila mara aliitazama saa yake. Nami pia.

Kutoka Webuye tulikata kulia, na baada ya muda mfupi tukawa Bungoma. Tangu tufike stejini Kitale zilikuwa zimepita saa tatu.

Mjomba alikuwa macho. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Mpwa wangu, mmefika."

Basi, msomaji, siku ukipanga safari usitazame rula peke yake. Hesabu tangu mlango unaotoka hadi mlango unaoingia. Na ukiwa na mgonjwa mbali, amka mapema zaidi. Katika saa zetu tatu, ile iliyotuuma zaidi ni ile tuliyokaa Kitale kabla gurudumu halijazunguka.