Mwendeeni Mwenyewe
Wosia kwa vijana wa jumuiya



Wajukuu zangu, vijana wa jumuiya yetu hapa Ngara,

Uongozi nimeshaukabidhi, na madaftari yote yako kwa katibu. Mali ya kuwagawia sina. Nina neno moja tu ambalo nisingependa kuondoka nalo: mkiwa na jambo na mwenzenu, mwendeeni mwenyewe. Lisifike popote kabla halijafika mlangoni kwake.

Aliyelifundisha ni Yesu, na Mathayo ameliandika katika sura ya 18. Ndugu akikukosea, kwanza unakwenda peke yako, mnasemezana ninyi wawili. Asipokusikia, unarudi na mmoja au wawili. Ikishindikana kabisa, ndipo kanisa linaambiwa. Sisi tunapenda kuanzia mwisho. Misa ikiisha, watu kumi wamesimama nje wanajua kosa la mtu, mwenyewe hajaambiwa. Siku hizi kuna pia kundi la WhatsApp: neno linatumwa usiku, asubuhi kigango kizima kinalo.

Someni pia sura ya 5. Pale anayeagizwa kwenda ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake: aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane kwanza. Kwa hiyo aliyekosewa ameagizwa aende, na aliyekosa ameagizwa aende. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa nyumbani akingoja kuombwa radhi.

Jumuiya zetu ziliundwa ili jambo hili liwezekane. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakaamua kwamba maisha ya Kanisa katika nchi zetu yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na mwaka 1976 wakakutana tena kulitafakari jambo hilo hilo. Walitaka Wakristo wanaokaa jirani, wanaojuana kwa majina, wanaosoma Neno pamoja, wanaouguzana na kuzikana. Parokiani mtu anaweza kupotea mwaka mzima pasipo wa kumuulizia. Kwenye jumuiya ya nyumba chache, asipokuja Jumamosi mbili, kila mtu anajua. Na tunaposali nyumba kwa nyumba tunaona mengi ambayo kanisani hayaonekani: paa linalovuja, mgonjwa chumba cha ndani, mtoto aliyeacha shule.

Mtauliza kwa nini babu anang'ang'ania jambo linaloonekana dogo. Jibu liko ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda. Ninyi mlikuwa hamjazaliwa mwaka 1994. Sisi tuliona miili ya watu ikishuka na maji ya Kagera. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakajaa Benaco, hapa kwetu Ngara. Humo walikuwamo waliokimbia kifo na waliotoka kuua, na wengi wao walikuwa wabatizwa kama sisi. Nyarubuye, parokia isiyo mbali na mpaka wetu, watu waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo. Na siku hizo hizo, tangu tarehe 10 Aprili, maaskofu wa Afrika walikuwa Roma kwenye sinodi, wakizungumza juu ya Kanisa kama Familia ya Mungu.

Mauaji yale ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipangwa na wenye madaraka, na redio iliyachochea. Sitawadanganya kwamba yalizaliwa na umbea wa kanisani. Lakini miaka yote hii nimejiuliza watu waliopokea Ekaristi kwenye altare moja walifikaje pale. Ninachoamini ni hiki: muda mrefu kabla ya mapanga, walikuwa wamezoezwa kusema "wale". Jirani mwenye jina lake, watoto wake na shamba lake akafanywa kipande cha kundi. Ukishaacha kumwendea mtu na kumsikiliza, lolote utakaloambiwa juu yake utaliamini.

Lakini wapo waliokataa. Gisenyi alikuwapo Félicité Niyitegeka, Mhutu, mtumishi wa Kanisa, aliyewaficha Watutsi kwenye kituo alikofanya kazi. Kaka yake, afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa. Félicité hakukubali kuwaacha watu wake, akauawa. Mwaka 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki maovu yale, na mwaka 2017 Papa Fransisko naye akaomba msamaha. Nawaambia haya ili mjue kwamba ubatizo peke yake haukuwazuia watu. Upendo una kazi yake ya kila siku, na kazi hiyo inaanzia mlangoni kwa jirani.

Basi kwetu hapa, Mhangaza na Mshubi, mzaliwa na aliyekuja kutoka Burundi, mwalimu na asiyejua kusoma, neno "wale" lisisikike kwenye sala zetu.

Yupo asiyetoa mchango. Msimsome jina mbele ya watu. Mwendeeni. Pengine mnyauko umemaliza migomba yake na anaona haya kusema. Yakobo, katika sura yake ya 2, aliwakemea waliompa tajiri mahali pazuri na kumwambia maskini asimame. Daftari la michango nalo linaweza kutufanya hivyo hivyo.

Yupo aliyeacha kuja: binti aliyepata mimba, baba aliyezidiwa na pombe, kijana aliyehamia kwa walokole. Mwendeeni kabla hamjamjadili. Na hili nawasihi kwa moyo wote: msilitumie kaburi kumwadhibu mtu. Nimesikia msibani wakisema, "Hakuwa anasali jumuiya, mwacheni." Mjane amekaa chini analia, sisi tunahesabu mahudhurio ya marehemu! Kama aliacha kuja miaka mitatu, swali la kwanza ni nani kati yetu alikwenda kumuuliza.

Kiongozi akikosea, naye aendewe, kwa heshima na kwa ukweli. Paulo alimkabili Petro uso kwa uso kule Antiokia, na Kanisa halikuvunjika.

Jambo moja nalitenga. Mtoto akinajisiwa au mke akipigwa, asiwepo wa kusema tuyamalize kindugu. Msimtume aliyeumizwa kwa aliyemuumiza. Hapo mnayemwendea kwanza ni aliyeumizwa, mumsikilize, mumlinde, kisha mwende polisi na ustawi wa jamii bila kuchelewa.

Mkienda kwa mtu, hasira iacheni ipoe kwanza. Msibebe "watu wanasema". Sema ulichokiona na kilichokuumiza wewe. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize, kwa maana mara nyingi utakuta jambo lina upande ambao hukuujua. Mkipatana, jambo life hapo hapo. Akikufukuza, mwombee, halafu urudi siku nyingine.

Kila mmoja wenu, anaposoma barua hii, yuko mtu anayemjia akilini. Amwendee kabla ya sala ya Jumamosi ijayo. Na kama kuna mwenye neno nami, asilihifadhi akaja kulisema kwenye mazishi yangu. Nyumbani kwangu mnapajua. Aje tukae, aliseme lote, nami nitamsikiliza.

Mungu awabariki, awaunganishe, awape ujasiri wa kwenda.

Babu yenu katika Kristo.