Dada Yangu na Kazi ya Uyaya Katoro

Wenzangu wengi wameandika katika gazeti letu habari za likizo zao: mpira, arusi, safari za Mwanza. Mimi naomba nafasi kidogo niandike habari za dada yangu, aliyekuwa yaya Katoro mwaka 2024. Kwa sehemu habari hizi ni zangu pia, kama mtakavyoona.

Dada amenizidi miaka minne. Alimaliza darasa la saba akabaki nyumbani. Nilipochaguliwa kuja shule hii ya bweni, yeye ndiye aliyeniambia, "Nenda mdogo wangu, nauli na godoro niachie mimi." Ada Serikali iliifuta tangu mwaka 2016, lakini nauli, viatu na godoro havikufutwa. Basi akaenda Katoro, kwa kuwa kule kuna fedha. Ninyi mliopita mji ule mnaujua: barabara itokayo Geita inaupasua katikati, maduka yamebanana, na makarasha yanasaga mawe ya dhahabu mchana kutwa. Mama yuko dukani, baba yuko machimboni; kwa hiyo kila nyumba yenye uwezo kidogo hutafuta yaya.

Mabwana zake wa kwanza walimlipa vizuri kila mwisho wa mwezi, lakini walihamishwa kikazi. Mwezi wa Februari dalali mmoja akampeleka kwa wengine. Maagano yalikuwa ya mdomo tu, dada amesimama mlangoni na mfuko wake mkononi: mtoto mmoja wa kulea, mshahara shilingi 60,000 kwa mwezi, chakula na mahali pa kulala, na Jumapili mchana apumzike. Kiasi hicho ndicho kima cha chini kilichowekwa na amri ya mishahara iliyoanza Januari 1, 2023, kwa mtumishi wa nyumbani alalaye kwa mwajiri. Kwa asiyelala hapo iliwekwa shilingi 120,000.

Haikupita wiki mtoto mmoja akawa watatu, kwa maana walikuwapo pia Kulwa na Doto wake, wamerudi kutoka kwa bibi yao. Kisha zikaja nguo za nyumba nzima, pamoja na za vijana wawili wa dukani. Jioni akaketishwa barazani kuuza vitumbua vya mama mwenye nyumba. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akalala saa tano usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Nilipopiga hesabu niliona yeye akianza Jumatatu, Jumatano mchana amekwisha zimaliza.

Alipouliza mshahara, mama yule alimjibu, "Nakuwekea mwanangu, utachukua zote ukienda kwenu. Wewe si mtumishi hapa, wewe ni mtoto wetu." Neno hilo nimelifikiri sana. Wakati wa kula hakuwa mtoto, maana alikula jikoni baada ya wote. Alipougua malaria hakuwa mtoto, maana dawa iliandikwa deni. Mwisho wa mwezi tu ndipo alipokuwa mtoto.

Katika likizo ya Juni alinipigia simu nyumbani akasema anataka kuacha kazi. Nami nilimjibu nini? Nilimwambia, "Vumilia dada, mpaka nipate godoro." Wakati ule nilikuwa nikilala nusu ya godoro la rafiki yangu. Mwezi wa Julai zikanifikia shilingi 50,000. Sikuuliza alizipataje.

Jambo moja jema nililolifanya ni kumpelekea daftari langu la Hisabati lililobakiwa na kurasa. Humo aliandika kila siku na kila senti.

Mwezi wa Desemba nilikwenda Katoro. Mjomba wetu, ambaye anafanya kazi kwenye karasha, alituongoza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tuliamkia wote, tukaketi. Dada akafungua daftari: miezi kumi, shilingi 600,000. Alizopokea ni 20,000 za Pasaka na zile 50,000 zangu. Zimebaki 530,000.

Yule bwana naye alikuwa na hesabu yake. Dalali 60,000, chupa ya chai iliyovunjika 25,000, dawa 18,000, nguo za sikukuu 40,000. Kwa hiyo alidaiwa 387,000, na hizo hakuwa nazo, kwani fedha yake ilizama katika duara ambalo halijatoa kitu. Akasema, "Machimboni mtu hulipwa mawe yakitoa. Hata nyumbani lazima asubiri."

Dada alikuwa ameinama. Akasema polepole, "Baba, mtoto alilia kila siku, si siku dhahabu ilipotoka tu."

Mimi nikanyoosha mkono kama niko darasani, nikasema kuwa sheria hairuhusu kumkata mtu mshahara kwa kitu kilichovunjika pasipo yeye kukubali kwa maandishi. Bwana akanitazama. "Kijana, shule imekufundisha kudai wakubwa?" Mwenyekiti akasema, "Mwacheni aseme," lakini sikuwa na la zaidi, na magoti yalikuwa yakitetemeka.

Mwenyekiti akaondoa dawa, na nguo akazihesabu kuwa zawadi. Dalali na chupa ya chai aliviacha. Ikawa 445,000: 300,000 zilitolewa palepale, na 145,000 ziliahidiwa mwisho wa Januari. Tulipokuwa tukirudi nilimwambia mjomba kwamba madai ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla ya siku 60 kupita. Mjomba hakutaka. Alisema mawe anayosaga yeye ni ya watu wale wale.

Sasa dada analea mtoto wa mwalimu, na jioni hurudi kulala kwa mjomba. Safari hii niliandika mkataba kwa mkono, nakala mbili. Mwajiri mpya aliusoma taratibu, akaomba tuufute mstari wa Jumapili. Nilishika kalamu niufute. Dada akasema mstari ubaki, na mwalimu akatia sahihi.

Leo ninapoandika ni mwezi wa Aprili, 2025. Zile shilingi 145,000 bado hazijafika.