Vichwa vya kamba visitupwe

Ndugu zangu wa nyumbani,

Tangu nianze kuwaandikia kutoka New Orleans mmekuwa mkiniuliza habari za muziki, za mafuriko na za sherehe za Mardi Gras. Leo naomba mniruhusu niingie jikoni, kwa sababu jambo ninalotaka kuwaambia limo ndani ya sufuria.

Gumbo ni mchuzi mzito wa rangi ya kahawia unaomiminwa bakulini juu ya wali mweupe kidogo. Iko ya kuku na soseji, na hiyo ndiyo inayopendwa zaidi huko mashamba, magharibi ya jimbo. Mimi nazungumzia ile ya vitoweo vya baharini: kamba, kaa na chaza wa Ghuba ya Meksiko. Bunge la Louisiana liliitangaza gumbo kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 2004, na madukani imejaa ya makopo, ya barafu na ya unga wa pakiti. Zote nimezionja. Hakuna inayofanana na inayoanzia kwenye kamba mzima, mwenye kichwa chake na masharubu yake.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, bibi wa umri wa mama yangu, Mkrioli wa mtaa wa Seventh Ward, yaani mzawa wa huku mwenye damu mchanganyiko ya Kifaransa na Kiafrika. Yeye ni Mkatoliki. Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki wa mji huu hawali nyama, na siku hizo gumbo ya baharini hupikwa nyumba kwa nyumba. Nami Ijumaa nikitoka msikitini humpitia. Wapishi wengi hapa huongeza soseji ya nguruwe hata kwenye gumbo ya kamba. Ijumaa hizo yeye haiweki kwa ajili ya dini yake, nami nisingeila kwa ajili ya dini yangu, basi tunapakua sufuria moja bila mmoja wetu kumwomba mwenzake radhi. Sharti lake la kwanza alilonipa ni kwamba vichwa vya kamba visitupwe.

Kamba tunawafuata Westwego, ng'ambo ya Mto Mississippi, kwenye uwanja wa vibanda ambako wachuuzi huuza kwa ratili kutoka kwenye makasha ya barafu. Kuanzia Mei huja kamba wa kahawia, na kuanzia Agosti kamba weupe, wanene zaidi. Kati ya wavuvi wa pwani hii wako wengi wenye asili ya Vietnam, ambao jamaa zao walihamia huku baada ya vita kwisha mwaka 1975. Hali yao ni ngumu. Sehemu kubwa ya kamba wanaoliwa Marekani hutoka nje, kwenye mabwawa ya ufugaji ya India, Ecuador na kwingineko, na bei ya kamba aliyevuliwa hapa imeshuka kiasi kwamba baadhi yao wakitoa gharama ya dizeli hawabaki na kitu. Sheria ya jimbo iliyoanza kutumika Januari 2025 inazibana zaidi hoteli za chakula zisimpitishe kamba wa kigeni kana kwamba ni wa Louisiana. Nimeifurahia sheria hiyo kwa moyo wote. Mtu aliyekesha baharini hastahili jina la kazi yake liuzwe na mwingine.

Nyumbani tunamenya kamba, maganda tunayafungia kwenye mfuko, tunayatoa nje upesi kabla hayajaanza kunuka. Hapa kamba humenywa kwa ajili ya maganda hasa. Ndani ya kichwa mna yale mafuta ya rangi ya chungwa, na humo ndimo ladha ilipo. Kwa kilo mbili za kamba wenye vichwa, chukua vichwa na maganda yote, uyakaange kwenye mafuta kidogo hadi yawe mekundu na jikoni kote kunukie. Tia maganda ya kitunguu maji, vikonyo vya selari, punje za pilipili manga na maji lita nne. Moto uwe wa taratibu, maji yachemke polepole tu yasitokote, dakika arubaini na tano zinatosha. Ukiyaacha zaidi yanaanza kutoa uchungu. Halafu chuja, ukiyaminya maganda kwa mwiko hadi tone la mwisho. Utapata maji ya rangi ya kutu, mazito kidogo mdomoni, na hapo gumbo yako imekwisha kupata roho. Ukitumia maji ya bomba badala ya hayo, viungo vyote vya dunia havitakuokoa.

Kisha inakuja ruu, nayo ndiyo inayopima subira ya mpishi. Ni unga wa ngano na mafuta, vikombe sawa kwa sawa, vinavyokorogwa juu ya moto mdogo bila kuachwa. Unga hupita rangi ya mchanga, ukaja rangi ya siagi ya karanga, ukaja rangi ya shaba, na ukiendelea unafika rangi ya chokoleti. Mwiko bapa ndio unaofaa, maana unakwangua pembe za sufuria ambako unga hupenda kushika. Simu isijibiwe. Watoto wasikaribie, kwa sababu mchanganyiko huu ukirukia ngozi hunata na kuunguza vibaya. Vikionekana vidoadoa vyeusi basi umeungua. Mwaga, safisha, anza upya, kwani uchungu wake haufichiki kwa lolote. Ni vyema pia kujua kwamba kadiri ruu inavyoiva ndivyo inavyopungua nguvu ya kuufanya mchuzi uwe mzito, kwa kuwa moto huuvunja wanga wa unga. Kwa kuku watu huisukuma hadi karibu na weusi. Kwa kamba na kaa jirani yangu huikomesha kwenye shaba, ili isije ikaimeza bahari, nami naona ana haki.

Inapofika hapo, kwa mkupuo mmoja humwagwa kitunguu maji, selari na pilipili hoho, vyote vimekatwa vidogo. Watatu hawa wenyewe huwaita Utatu Mtakatifu, na kitunguu saumu kinachofuata hukiita Papa. Mboga hizo hupoza ruu na kuizuia isiungue, nayo ruu huzilainisha. Kisha yale maji ya maganda huingia upawa baada ya upawa huku ukikoroga, mchuzi usije ukafanya madonge.

Bamia hushughulikiwa kando. Nusu kilo, zikatwe visahani, zikaangwe hadi ule ute wake ukauke. Zisikaangwe kwenye chuma, maana chuma huzifanya nyeusi. Jirani yangu anapikia Magnalite, sufuria nzito ya alumini ambayo familia za Louisiana hurithishana kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Nilipoiona mara ya kwanza niliishika kwa mikono miwili, maana ingeweza kabisa kutoka kwenye jiko la shughuli Tanga.

Na zile bamia zilifikaje hapa? Meli za kwanza za watumwa kutoka Afrika zilitia nanga Louisiana mwaka 1719, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa. Wengi wa waliotekwa enzi ya Wafaransa walitoka Senegambia, watu waliokuwa mabingwa wa kulima mpunga, na ujuzi huo uliwalisha mabwana zao. Supu ya bamia iliyopikwa na samaki ikaliwa kwa wali ilikuwa chakula chao kabla hawajatiwa minyororo. Wachokto, wenyeji wa ardhi hii, ndio walioleta filé, unga wa majani makavu ya mti wa sasafrasi unaofanya mchuzi uwe mzito wakati bamia si msimu wake. Wafaransa walikuwa na ruu. Baadaye wakaja Waakadia, walowezi wa Kifaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza kutoka Nova Scotia mwaka 1755. Lakini mikono iliyosimama jikoni ikaunganisha yote hayo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya wanawake weusi, na vitabu vya mapishi vya karne ya 19 vilizichapa sahani zao bila kutaja majina yao.

Jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu napenda kumtaja Lena Richard. Mwanamke huyu mweusi wa New Orleans alichapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1939, vipimo vyote vikiwa vimeandikwa, na mwaka 1949 akawa na kipindi chake cha upishi kwenye televisheni ya mji, wakati ambapo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuketi kula katika hoteli nyingi za mji huohuo. Baada yake kuna Leah Chase, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96. Katika mgahawa wa familia ya mumewe, Dooky Chase's, mtaa wa Tremé, ukumbi wa ghorofani ulikuwa mahali pa kupangia harakati za haki za raia, weusi na weupe wakiketi meza moja kinyume cha sheria ya wakati ule, na gumbo yake ikiletwa mezani. Kimbunga cha Katrina kiliuzamisha mgahawa mwaka 2005. Alikuwa mtu mzima wa miaka 82, na bado alirudi akaufungua tena mwaka 2007.

Nirudi kwenye moto. Kaa hupasuliwa vipande viwili, wakaondolewa matamvua yale ya kijivu yasiyoliwa, wakaingia mapema pamoja na bamia, kwa sababu magamba yao nayo yanatoa kitu. Muda wa saa nzima sufuria ibaki inachemka polepole, ukiengua mafuta yanayopanda juu. Chumvi na pilipili zionjwe sasa. Nyanya ni ugomvi wa kudumu: Wakrioli wengi wa mjini hutia, Wakajuni wa mashamba, wazao wa wale Waakadia, hawataki hata kuisikia. Jirani yangu hutia moja. Kamba huingia mwisho kabisa, dakika tano, hadi wajikunje na kugeuka rangi. Wakizidishwa wanakuwa mpira. Chaza huingia pamoja na maji yao, na kingo zao zikianza kujikunja tu, moto uzimwe. Filé hainyunyizwi ikiwa sufuria iko motoni, kwani itavutika kama nyuzi. Kila mtu hujinyunyizia bakulini mwake. Wali hupikwa peke yake.

Pika kubwa. Siku ya pili ladha zimekwisha kufahamiana, na ni tamu zaidi. Ila ukijua utabakiza, kamba wa siku ya pili waweke kando wabichi kwenye barafu, uwatie unapopasha.

Sasa nyinyi mlioko pwani hamna udhuru. Kamba wa delta ya Rufiji mnao, kaa wa mikokoni mnao tena wakubwa kuliko wa huku, na bamia ziko gengeni. Hoho na vitunguu havikosekani, na selari ikikosekana tumieni mabua ya giligilani. Filé haipatikani huko, lakini bamia zinatosha bila hiyo, na mjomba akija Desemba nitampa kichupa. Msiweke nazi mara ya kwanza, nawaomba. Onjeni kwanza maji ya vichwa yalivyo yenyewe. Mkienda soko la samaki la ferini alfajiri, mwambieni muuzaji asiwamenyee kamba, na kama amekwisha kuwamenya, mwombeni yale maganda. Atawapa bure.

Wasalaam,
Ndugu yenu, New Orleans