Wosia kwa Vijana wa Kazi ya Umeme: Pimeni Kwanza

Wanangu mafundi,

Magoti yangu hayapandi tena ngazi za darini, na macho yananisumbua nikisoma namba ndogo kwenye vibati vya mashine. Vifaa vyangu mmekwisha kugawana. Limebaki neno, nami naliandika ili hata nisipokuwepo mlipate kama nilivyolitaka.

Siwausii juu ya kila kitu. Nawausia juu ya lalamiko moja mtakalolisikia hapa Njombe kila kipupwe kinapoingia: "Fundi, tangi letu la maji moto linachelewa. Tunawasha alfajiri, mpaka saa nne asubuhi maji bado vuguvugu." Neno langu ni hili: pimeni kwanza, ndipo mseme. Msimnunulishe mtu kifaa ambacho ubovu wake hamjaupima.

Anzeni na hesabu, kabla hamjashika bisibisi. Lita moja ya maji ikipandishwa nyuzi moja ya Selsiasi hula jouli zipatazo 4,186. Chukueni tangi la lita 200. Tuseme maji yanaingia yakiwa nyuzi 15, na mwenye nyumba anataka yafike 60. Mkizigeuza jouli hizo kuwa uniti za Luku, mtapata karibu uniti 10.5. Elementi ya kilowati 3 itamaliza kazi hiyo kwa saa tatu na nusu. Ya kilowati 1.5 itachukua saa saba, na hakuna fundi duniani atakayezipunguza kwa kukaza skrubu. Kwa hiyo someni kibati: lita ngapi, wati ngapi. Mara nyingi mtakuta tangi ni zima kabisa, ila wanaooga wameongezeka, au lilinunuliwa tangi kubwa lenye elementi ndogo. Matangi mengi ya sola yako hivyo, kwa sababu elementi yake iliwekwa kusaidia siku za mawingu tu. Hapo mwelezeni mwenye nyumba ukweli: ama awashe mapema zaidi, ama aweke elementi kubwa, na mkikubaliana hilo hakikisheni waya na breka vinaubeba mzigo mpya.

Hesabu ikisema saa tatu na nusu nao wanasubiri saa sita, hapo kuna ubovu. Pimeni volti kwenye swichi ya tangi wakati tangi linavuta umeme, maana volti za waya usio na mzigo hudanganya. Elementi iliyotengenezwa kwa volti 230 haipungui nguvu sawasawa na volti. Hupungua kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka hadi 180, kilowati 3 hubaki 1.8 tu, na zile saa tatu na nusu hukaribia sita. Pimeni pia kwenye ubao mkuu wa nyumba, mzigo ukiwa bado umewashwa. Zikiwa chini hata huko, shida iko kwenye laini ya nje. Mwenye nyumba apeleke taarifa, nanyi msimtoze kwa kubadilisha vitu vizima. Zikiwa nzuri kwenye ubao na mbovu kwenye tangi, basi zinapotelea njiani: waya mwembamba uliovutwa mbali, au kiungo kilicholegea. Zimeni umeme, fungueni swichi, mwangalie plastiki ya waya pale inapoingia kwenye skrubu. Ikiwa imegeuka kahawia na kukauka, mmempata mwizi wa volti, na kesho angeweza kuwa mchomaji wa nyumba.

Baada ya volti, pimeni ampea. Baadhi yenu mnakumbuka nyumba ya yule bibi anayelea wajukuu. Tangi lake lilikuwa na elementi mbili za wati 1,500, zote zikiwaka pamoja. Alikuwa ameshaambiwa kwamba tangi limekwisha, anunue jipya, naye alikuwa ameanza kutafuta mteja wa ng'ombe wake. Tuliufungia mita ya klempu waya wa moto. Ilipaswa kusoma ampea 13. Ikasoma sita na nusu. Elementi moja ilikuwa imekatika ndani. Elementi iliyokatika haiangushi breka wala haizimi taa ya swichi. Hukaa kimya na kuacha mwenzake afanye kazi ya wawili. Tulizima umeme, tukahakikisha kwa tesita, tukachomoa nyaya, tukapima omu. Nzima ilitoa omu 35, nyingine haikutoa chochote. Bibi alinunua elementi moja na gasketi yake, na ng'ombe akabaki zizini. Ndiyo sababu nasisitiza kupima: nyuma ya kila tangi kuna mali ya mtu.

Ampea zikiwa kamili, kisha zikashuka hadi sifuri wakati maji bado ni baridi, itazameni thamostati. Huenda imewekwa chini mno, au imechoka. Na hapa nawaondolea dhana moja iliyoenea. Mtasikia kwamba chokaa iliyoganda kwenye elementi ndiyo inayochelewesha maji. Elementi iliyozama haina pengine pa kupeleka joto ila majini. Ikivuta ampea zake zote, maji hupata joto lake lote. Chokaa huharibu kwa njia nyingine: huifunika elementi hadi ijiunguze yenyewe, na tope lake likiuzingira mrija wa thamostati, joto hukwama pale na thamostati huweza kukata kabla ya wakati. Kwenye visima vya maji magumu, safisheni tangi na mkague fimbo ya magnesiamu, maana hiyo huliwa na kutu ili tangi lisiliwe.

Umeme ukiwa salama kabisa, fuateni maji. Bomba la maji moto linalovuja lita 10 kwa saa hubeba zaidi ya nusu uniti kila saa, usiku na mchana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kisha fungeni koki ya maji baridi yanayoingia kwenye tangi, mfungue bomba la moto. Maji yakiendelea kutiririka kwa nguvu, yanatoka upande wa baridi kupitia bomba fulani la kuchanganyia, na tangi linasingiziwa. Mrija unaopeleka maji baridi chini ya tangi nao ukivunjika, maji hayo humwagikia juu, na wanaooga hupata vuguvugu ingawa elementi haina kosa.

Sasa nawaagiza yasiyo na mjadala. Kabla ya kugusa, zimeni breka na mpime mhakikishe umeme haupo. Msiwashe tangi ambalo halijajaa. Fungueni bomba la moto mpaka maji yatoke bila hewa, la sivyo elementi itaungua mara moja. Msizibe valvu ya usalama hata ikidondosha maji, kwa kuwa tangi lililofungwa na kuchemka bila pa kupumulia hulipuka. Msiunganishe waya kuiruka kinga ya joto kali ili kumfurahisha mteja mwenye haraka. Msiondoke kwenye nyumba ambayo waya wa ethi wa tangi umekatika, kwa sababu watoto wataoga pale. Na kateni leseni kwa EWURA, mfanye kazi mchana kweupe, jina lenu likijulikana.

Wanangu, mteja haoni umeme wala haioni elementi. Anaona uso wenu na anaamini mdomo wenu, basi msiutumie kumla. Mtu akiwauliza tangi lake lina nini nanyi bado hamjapima, mwambieni hamjui bado, kisha mpime mbele yake na mumwonyeshe namba. Mungu awalinde katika kazi yenu.

Mzee wenu.